Mimba Iliyomkataa Mume

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu hata mtu mwenye hasira hubaki na adabu aliyofundishwa, na mimi ulinifundisha wewe, tena kwa mwiko. Hujambo? Shemeji hajambo? Lile goti lake limepoa, au bado analibembeleza kama mtoto mchanga? Na yule wako wa mwisho, ameacha kula sabuni? Mimi ni mzima wa miguu na mikono. Hapo katikati ndipo penye maneno, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kukupigia. Humu ndani simu haina siri. Mama mkwe anakaa nyumba ya pili, lakini ana masikio ya kusikia mpaka ninachowaza.

Barua yako niliipata. Umenipongeza, umeniambia ninywe tangawizi, nisinyanyue ndoo, na zaidi ya yote nimvumilie mume wangu, maana mimba nyingine humkataa mume. Umenikumbusha kwamba wewe mwenyewe, kwa mimba ya kwanza, hukutaka hata kumsikia shemeji akikohoa, ukamhamishia sebuleni mpaka ulipojifungua. Hapo nilicheka. Lakini huko kwako umeletewa habari nusu. Nitakueleza zote tangu mwanzo, kisha useme wewe kama bado unanishauri nivumilie, au unifagilie kile chumba chako cha nyuma. Shemeji yako, mume wangu, anarudi Jumapili jioni. Mpaka hapo itabidi niwe nimeshaamua kama atanikuta.

Amekwenda pwani na rafiki zake wawili, kuvua kwa kayaki na kulala kwenye mahema. Kama hujaiona kayaki, ni kimtumbwi cha plastiki cha mtu mmoja, unakaa humo umenyoosha miguu kama unaoga kwenye beseni, unapiga kasia huku na huku. Rafiki wa kwanza ni Daktari wa Meno, yule mwenye mikono laini. Wa pili anafundisha watu kuendesha gari, tunamwita Breki, kwa sababu hata akiwa amekaa kwenye kochi mguu wake wa kulia unakanyaga kitu kisichokuwepo.

Sasa, safari hii haikuwa yao. Ilikuwa ya Fundi Saa. Unamkumbuka, ndiye aliyesimama na shemeji yako siku ya ndoa yetu, na ndiye aliyeifufua saa yako ilipotumbukia kwenye mchuzi. Ndiye pia aliyemfundisha shemeji yako kufunga ndoana, maana kabla ya hapo alikuwa anaifunga kama kamba ya kiatu. Mwaka jana Fundi Saa aliugua utumbo. Wakampasua, wakakata kipande, wakamtobolea njia ubavuni, na sasa choo chake kinatokea hapo, kinaingia kwenye mfuko anaouvaa chini ya shati. Mashuka yake nilifua mimi, kule kule chumba cha kufulia cha hospitali ninakofanya kazi, kwa hiyo hakuna wa kunisimulia.

Shemeji yako alikuwa anamtembelea wodini. Alimshika mkono mbele yangu, akamwambia akipona tu wanakwenda pwani, wao na jamaa, wavue, walale kwenye mchanga, safari yake yeye, ya kusherehekea uzima wake. Fundi Saa akaishikilia ahadi ile kwa meno. Alipoanza kujifunza kutembea upya kwenye korido ya wodi, akishika ukuta, alikuwa anawaambia manesi kwamba anafanya mazoezi ya kubeba kayaki. Manesi wakawa wanamuuliza kila asubuhi amefika baharini au bado, naye anajibu kwamba leo ameishia kwenye mchanga.

Basi alipotoka hospitali na kupata nguvu, mipango ikaanza, na ilianzia sebuleni kwangu. Nakuomba kama unakula uweke kijiko chini. Walikubaliana kwamba chambo cha kununua ni cha wavivu, watatengeneza chao. Wakaleta matumbo ya samaki, wakachanganya na mkate uliovunda na mafuta, wakatia kwenye ndoo, wakaiweka bafuni kwangu, ati pana kivuli, ichachuke. Ngisi wakawekwa kwenye friza kando ya nyama yetu, kwenye mfuko uliotoboka, na ule ute wao ukashuka taratibu mpaka kwenye barafu za kunywa. Breki alijikuna kisigino kwa uma wa kulia, akaurudisha mezani. Daktari wa Meno, mtu aliyesomea mdomo, alichokoa meno kwa ndoana. Mahema walinunua ya mitumba, yananuka soksi za watu tusiowajua, wakayasimamisha sebuleni wayajaribu, wakaingia wote ndani, wakafunga zipu, wakashindana humo kwa namna ambayo sitaiandika kwa heshima yako.

Yote hayo niliyatazama na sikutapika, dada, na hilo uliweke kichwani. Mimi nafungua mafurushi ya mashuka ya wodi kila asubuhi. Nimeshaona kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu, na nikishafua nakula chapati zangu na chai bila wasiwasi. Nilinung'unika, nikafungua madirisha, nikamwambia shemeji yako kwamba ndoo ile ikimwagika tutahama sisi tuiachie nyumba. Alicheka, nami nikacheka. Nilikuwa nampenda na ujinga wake.

Siku moja walikutana kupanga nani alale na nani, maana mahema yalikuwa mawili. Fundi Saa hakuwepo, alikuwa amekwenda kliniki. Nilikuwa nimebeba sinia la chai, nimefika mlangoni, nikamsikia Daktari wa Meno akikohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kusema jambo baya kwa adabu. Akauliza, kwa nia njema tu, nani atalala hema moja na Fundi. Breki akasema yeye pua yake ni nyepesi. Kisha akauliza je, kayaki ikipinduka na ule mfuko ukapasuka majini, itakuwaje. Daktari wa Meno akasema angalau samaki watapata chambo cha bure. Wakacheka mpaka Breki akakanyaga breki. Na wakati wanacheka, harufu ya ile ndoo ilikuwa inatoka bafuni inapita katikati yao, na hakuna aliyeisikia. Nyani haoni kundule.

Nilisimama pale na sinia nikimngoja shemeji yako. Nilijua atasema kitu. Nilikuwa hata nimeshatabasamu, nikingoja awanyamazishe. Akasema Fundi ni ndugu yake, hana ubaya naye hata chembe, ila ukweli ni kwamba anaona kinyaa. Akasema hata kule hospitali, alikuwa akimshika mkono halafu anakwenda kunawa kwenye bomba la nje mpaka viganja vinawaka. Akasema hawezi kula mbele yake tena. Wenzake wakauliza sasa watamwambiaje, na safari ni yake. Shemeji yako akawaambia wamwachie yeye, atajua la kumwambia.

Chai niliirudisha jikoni nikaimwaga kwenye sinki, na sinia nikaliosha ingawa halikuwa na uchafu.

Tangu siku ile mwili wangu ulimkataa. Sikupanga, dada. Akinawa mikono, nikisikia anavyoisugua, nyongo inapanda. Akimega tonge kwenye sahani tunayokula pamoja, mimi nimeshiba. Aliwahi kuniwekea kiganja begani nikiwa nakatakata vitunguu, kiganja kile kile alichokuwa anakisugua kwa sababu kimemgusa rafiki yake, nikaacha kisu nikakimbilia nje kutapika. Kitandani nilimpa mgongo na ukuta nikaupa uso. Nilitaka kumwambia sababu, lakini kila nikifungua mdomo kinachokuja ni kichefuchefu, maneno hayaji.

Mama mkwe aliniona nikitapika uani. Alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi, akanitazama shingo, akanivuta kope, akauliza ni harufu gani inayonisumbua. Nikamwambia ukweli, kwamba ni ya mwanawe. Mama wa watu akakaa chini kwenye ngazi akaanza kulia kwa furaha. Akasema hata yeye mimba ya mwanawe huyo huyo ilimkataa baba yake, alikuwa hataki kuona hata viatu vyake. Akauliza siku zangu, na kweli, dada, siku zangu zilikuwa zimepitiliza. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nina mimba na kwamba mimba yenyewe imemkataa mume.

Sikubisha. Wewe unajua tumengoja kwa muda gani, na unajua nilivyokuwa nikija kwako nabeba wanao mpaka mkono unakufa ganzi na sitaki kuwashusha. Nilijiambia kumbe ndiyo hivyo. Kumbe simchukii mume wangu, ni mtoto tu. Nilifurahi kwa mambo mawili kwa mpigo, kupata mtoto na kurudishiwa mume. Nilinunua tangawizi kabla hujaniambia.

Na shemeji yako sasa. Sijapata kuona mwanamume anayefurahia kuchukiwa kiasi kile. Nikimkunjia uso anatabasamu. Nikiondoka mezani anamkonyeza mama yake. Alihamia mwenyewe sebuleni, akawa analala ndani ya hema lake la mitumba, na akitaka kupita karibu yangu anabana pumzi, ati jasho lake lisinisumbue. Dukani kwake, kule anakouza matairi, alikuwa anawahadithia wateja wanaojaza upepo kwamba mkewe hamtaki kabisa, hata kivuli chake, na watu wanampa mkono wa pongezi.

Halafu Fundi Saa akaja. Ilikuwa mchana, shemeji yako yuko dukani. Alikuja polepole, amevaa shati kubwa lililopigwa pasi, amebeba saa ya ukutani ameifunga kwa gazeti. Akanipongeza kwa furaha ya kweli, machozi yanamlenga. Akasema saa ile ameitoa mlio, haisemi tiki wala taka, ili nimtazamie mtoto muda wa kunyonya bila kumwamsha. Kisha akaniambia nisijisikie vibaya kabisa kuhusu safari. Mumeo amenieleza, akasema, kwamba unatapika usiku na mchana na hawezi kukuacha, kwa hiyo wameahirisha mpaka ujifungue. Akasema hivyo ndivyo mume anavyotakiwa kuwa, na bahari haihami.

Dada, kayaki zilikuwa kwa Daktari wa Meno zimeshafungwa kamba, na safari ilikuwa imebaki siku chache tu. Shemeji yako alikuwa amemchukua mtoto wangu, mtoto ambaye hata mimi sijawa na hakika naye, akamfanya uongo wa kumfukuzia rafiki yake.

Fundi Saa akaomba, kwa aibu, atumie bafu kidogo. Nilijua ni kwa ajili ya mfuko wake. Nikamwelekeza, na mlango ulipofungwa ndipo nikaikumbuka ile ndoo. Alikaa huko kitambo. Nilisikia maji, nikasikia akifungua dirisha, nikasikia brashi. Alipotoka, bafu lilikuwa linanukia sabuni kuliko nilivyoliacha mimi asubuhi. Akaninyooshea mkono kuniaga, kisha akaurudisha mwenyewe kabla sijaushika, kama mtu aliyezoea. Nikaufuata nikaushika kwa mikono yangu miwili. Akiwa mlangoni akaniambia nimwambie jamaa kwamba kile chambo akifunike vizuri, kimeshaiva, kisije kikaingiwa na inzi kabla ya safari.

Alisema hivyo tu, akaondoka, ameshika ukuta wa uzio kama alivyokuwa anashika ukuta wa wodi. Nami nikaitundika ile saa jikoni.

Siku iliyofuata mama mkwe alinisukuma niende kupima. Alisema mficha uchi hazai, niache haya, niende nikaandikishwe kliniki kama wanawake wengine. Nilikwenda pale pale hospitalini kwetu, wakati wa mapumziko, nimevaa aproni yangu ya kazi. Nesi aliyenipima tunafahamiana, mashuka ya wodi yake nafua mimi. Alipima mara ya kwanza, akapima tena bila kuniambia kwa nini, kisha akaniitia daktari anitazame kwa ile mashine ya kuona tumboni. Daktari akaniambia kwa upole kwamba hakuna kitu. Wala hakikuwahi kuwepo. Siku kupitiliza, akasema, huweza kuwa ni mawazo tu. Akaniuliza kama kuna jambo nyumbani linaloniudhi.

Kwa hiyo hakuna mimba, dada. Nilikuacha usome kurasa zote hizi ukiamini ipo, unisamehe, nilitaka uende nayo kama nilivyokwenda nayo mimi. Nililia chooni mle hospitalini mpaka mwenzangu wa zamu akaja kugonga. Nilimlilia mtoto kwanza. Halafu nikaelewa jambo la pili, na hilo sikulilia, nilikaa nalo tu. Kama hakuna mtoto, basi aliyemkataa shemeji yako ni mimi.

Nyumbani sikusema. Siku ya kuondoka kwao walijaza gari alfajiri, kayaki juu, ndoo nyuma, wanacheka kama watoto wanaokwenda kuoga mtoni. Shemeji yako alisimama mlangoni kwa mbali, amebana pumzi yake ile, akaniambia ataniletea samaki mkubwa kuliko wote, anywe supu mwanawe. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Lakini Breki na Daktari wa Meno walikuwa wananitazama tumbo kwa heshima, na nilijua nikifungua mdomo nitatapika juu ya viatu vyao.

Walipokwisha kuondoka nilitoa kila kitu kwenye friza nikakitupa, nikasugua bafu, nikaitoa ile saa ukutani nikaifunga tena kwenye gazeti lake. Nikaenda nayo kwa Fundi Saa. Nilimkuta kwenye kibanda chake, ameinamia saa ya mtu na kioo jichoni. Nikamwambia hakuna mtoto, naomba aichukue saa yake. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia, na wewe ni wa pili. Alikitoa kile kioo jichoni, akasema pole, tena na tena, pole ya mtu anayejua tumbo linavyoweza kumsaliti binadamu. Saa aliikataa. Akasema kilichotolewa hakirudishwi. Kisha akauliza kama mume wangu anajua. Nikamjibu hajui. Akaniomba nimwambie taratibu, na nihakikishe amekula kwanza, maana jamaa alikuwa amefurahi sana na habari itamuumiza.

Nilijifanya natazama saa zilizoning'inia ukutani ili asinione. Mtu aliyefungiwa mlango ndiye anayewahurumia waliomo ndani. Sikumuuliza kitu kuhusu safari, wala yeye hakuitaja. Chini ya meza yake niliona mfuko wa nailoni, na ndani yake kasia jipya ambalo halijavuliwa karatasi.

Sasa ni Jumamosi. Nyumba ni safi, madirisha yote yako wazi, na kwa mara ya kwanza tangu lile sinia la chai nimekula sahani nzima ya chakula bila kichefuchefu. Nadhani umenielewa. Ningeweza kufungasha leo na kupanda gari la asubuhi kuja kwako, na mama mkwe angesema mimba imenipeleka kwa dada, basi, wala asingeshangaa mtu. Ni njia rahisi. Nimeifikiria na nimeiacha, maana nami sitaki kuondoka kwa uongo wa mtoto yule yule.

Kwa hiyo nitamngoja. Atakuja ananuka jua na magamba, amebeba samaki wake, atasimama mlangoni kwa mbali na tabasamu lile, atabana pumzi. Nitamwandalia chakula, nitamwacha ale, kama nilivyoombwa na aliyeniomba. Kisha nitamwambia hakuna mimba na haikuwahi kuwepo. Atalia, na nitamhurumia, maana kilio hicho ni changu pia. Lakini akishafuta machozi, lazima ataniuliza swali moja. Ataniuliza, sasa kama si mimba, ni nini kilichokuwa kinakufanya uone kinyaa nikikukaribia? Hilo ndilo nalingoja, dada. Majibu ninayo, na nitampa kwa neno lake mwenyewe. Akilijua kosa lake mwenyewe kabla sijamaliza, akainuka akaenda usiku huo huo kugonga mlango wa Fundi Saa, labda utanifagilia chumba bure. Akianza kunieleza habari ya pua nyepesi, basi Jumatatu niko kwako.

Uliniandikia nivumilie, kwamba chuki yako iliisha siku ile ile mtoto alipolia. Yako ilikuwa na tarehe ya kuisha.

Mama yetu usimwambie kitu kwa sasa, mwache afurahi walau wiki hii, mimi mwenyewe nitakuja kumwambia. Wabusu wanao kwa niaba yangu, na huyo wa mwisho umfiche sabuni. Shemeji mpe salamu nyingi, na umwambie nimemsamehe kikohozi chake. Chumba kifagie tu, lakini kitanda usikitandike bado.

Akupendaye siku zote,

Mdogo wako